Kuendesha kipindi cha kusoma cha wazazi na watoto wadogo kwenye maktaba ya umma: mwongozo kamili

Wiki ina saa 168. Kwenye kipindi cha maktaba mtoto atakaa na wewe saa moja. Saa zilizobaki yuko kwao: mgongoni kwa mama, uani kwa bibi, dukani na dada yake. Kwa sababu hiyo nasema mapema kwamba kipindi hiki ni cha mtu mzima aliyemleta mtoto. Mtoto ataimba, atafungua vitabu, atafurahi, na tunataka afurahi. Lakini kazi yako inapimwa na kile ambacho mlezi ataweza kukifanya jioni kwake, akiwa na kitabu kimoja cha kuazima au hana kabisa.

Nimeandika nikiwafikiria zaidi wakutubi wa maktaba za mikoa na wilaya nchini Tanzania, ingawa mwenzangu wa maktaba ya kaunti kule Kenya hatapata shida kuutumia. Maktaba zetu nyingi zina sehemu ya watoto, ila ukiingia utakuta ni ya wanafunzi: meza, madaftari, vitabu vya kiada, maswali ya mitihani iliyopita. Mtoto ambaye hajaanza darasa la kwanza hana mahali pa kukaa, na mama yake anadhani jengo lile halimhusu. Hapo ndipo tunaanzia.

Ruhusa, na watu wa kushirikiana nao

Usimpelekee mkuu wa maktaba wazo la mdomo tu. Andika ukurasa mmoja: siku, saa, sehemu ya jengo, idadi ya familia, nani ataendesha, nini kinahitajika. Hoja ya kitaifa unayo. Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto (PJT-MMMAM), iliyozinduliwa Dodoma Desemba 2021, inahusu watoto tangu kuzaliwa hadi miaka 8, na fursa za ujifunzaji wa awali zimo pamoja na afya, lishe, malezi na ulinzi. Mpelekee nakala ya ukurasa wako afisa maendeleo ya jamii na afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Mtendaji wa mtaa naye aambiwe, maana wazazi watamuuliza yeye kwanza kama jambo hili ni la kweli.

Mshirika nisiyemwacha kamwe ni muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto. Hakuna mahali pengine panapokutana na karibu kila mtoto wa eneo lenu: chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kisha miezi 9 na miezi 18. Mwombe dakika tano za kuzungumza na kina mama wakiwa wanasubiri zamu ya mizani. Nenda na kitabu, siyo na tangazo. Mchukue mtoto mmoja mapajani, kwa ruhusa ya mama yake, msome naye kurasa nne mbele ya wote, halafu sema siku na saa ya kipindi. Wanaoona kwa macho huja. Tangazo lililobandikwa ubaoni huwaleta wale ambao tayari wanapenda kusoma, na hao siyo wanaotuhitaji zaidi.

Mwalimu wa darasa la awali wa shule iliyo karibu pia ajue unachofanya, ili asidhani unafungua shule nyingine. Hufundishi mtaala wake. Unamwandalia mtoto mwenye maneno mengi kichwani, anayejua kitabu kinavyoshikwa, na asiyeogopa kuulizwa swali.

Siku, saa na umri

Waulize kina mama kabla ya kupanga. Siku ya gulio watu hawaji. Asubuhi sana wanachota maji na kufua, na mchana mtoto analala. Kwa maeneo mengi ya mjini saa nne asubuhi katikati ya wiki inafaa. Kama unataka kina baba na walioajiriwa, weka kipindi cha pili Jumamosi. Ramadhani punguza muda, na masika yakikolea usivunjike moyo ukipata familia tatu. Endesha kipindi kilekile kwa hizo tatu.

Umri ninaoupendekeza ni tangu mtoto wa miezi sita hadi yule wa miaka mitano au sita anayesubiri darasa la kwanza. Vitabu vya malezi vitakuambia uwagawe kwa makundi, na ukipata nafasi na msaidizi, gawa. Lakini mama mwenye mtoto wa miaka minne mara nyingi ana mwingine wa mwaka mmoja mgongoni. Ukimwambia mdogo hatakiwi, umewafukuza wote wawili. Anza na kundi moja la mchanganyiko lisilozidi familia kumi na tano.

Mahali

Kelele ndiyo itakayokugombanisha na wenzako. Wanafunzi wa kidato cha nne wanaojiandaa kwa mtihani wa Novemba wana haki ya utulivu wao, na watoto wana haki ya kupiga makofi. Usijaribu kuwaweka chumba kimoja. Baraza, ukumbi wa mikutano, hata kivuli cha mwembe uani kinafaa kuliko kona ya chumba cha kusomea ambapo kila dakika utaambiwa mnyamaze. Mama akishanyamazishwa mara mbili, wiki ijayo harudi.

Tandika mikeka au majamvi, viatu vibaki nje. Kiti kimoja au viwili viwepo kwa bibi mwenye magoti mabovu na kwa mjamzito. Vitabu visipangwe kwa migongo. Visimame vikionyesha jalada, kimo cha mtoto anayetambaa. Kamba ya katani iliyofungwa ukutani na vibanio vya nguo inatosha kabisa, huhitaji rafu mpya. Maji ya kunywa, choo kinachofunguka, na pembe tulivu ya kunyonyeshea viwepo kabla hujamwalika mtu yeyote.

Vitabu

Kwa familia kumi na tano lenga vitabu visivyopungua arobaini, ili kila familia iondoke na kimoja na bado viwepo vya kuchagua. Chagua vyenye picha kubwa na maneno machache. Kitabu cha sentensi tano kwa kila ukurasa kimeandikwa kwa mtoto wa darasa la pili, hata kama jalada lina sungura.

Anza na vilivyochapishwa nchini. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania umekuwa ukisaidia kutolewa kwa vitabu vya hadithi vya Kiswahili tangu 1991, na baadhi huenda viko kwenye ghala la maktaba yenu, vimefungwa kwenye maboksi. Yafungue. Chanzo cha pili ni hadithi zenye leseni huria mtandaoni: African Storybook, iliyoanzishwa na shirika la Saide la Afrika Kusini mwaka 2014, na StoryWeaver ya Pratham Books ya India, iliyoanza 2015. Zote zina hadithi za Kiswahili unazoruhusiwa kupakua, kuchapa na kugawa, mradi uache majina ya mwandishi na mchoraji mahali pake. Soma Kiswahili chake kwanza, kwa sababu tafsiri nyingine hazijapikwa zikaiva. Lakini usitoe fotokopi ya kitabu kinachouzwa dukani. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamlinda mwandishi wetu, na maktaba ndiyo inayopaswa kuwa ya kwanza kumheshimu.

Ukichapa, tumia karatasi nzito kwa jalada na shona katikati kwa sindano na uzi wa nailoni. Pini za stepla hupata kutu na kumchoma mtoto, tena mtoto wa mwaka mmoja huzing'oa na kuziweka mdomoni.

Kipindi chenyewe

Chama cha Maktaba cha Marekani, kupitia vitengo vyake viwili, kilianzisha mwaka 2004 programu ya kuwafundisha wazazi badala ya watoto, na toleo lake la 2011 likajengwa juu ya mambo matano: kuzungumza, kuimba, kusoma, kuandika na kucheza. Ni mpangilio mzuri, na kwetu hauhitaji kuagizwa kutoka popote, kwa sababu vifaa vyake tumelelewa navyo. Kipindi cha saa moja kinaweza kwenda hivi.

Dakika kumi za kwanza ni za kufika. Mtoto achague kitabu mwenyewe, mzazi akae naye. Msimamizi anasalimia kila mtu kwa heshima yake, shikamoo kwa bibi, za nyumbani kwa mama, na anamwita kila mtoto kwa jina. Andika majina ya watoto kwenye vipande vya kartoni kwa herufi kubwa na ndogo kama yanavyoandikwa shuleni. Mtoto akifika atafute lake na kulibandika ukutani. Jina lake mwenyewe huwa ndilo neno la kwanza ambalo mtoto analitambua kwa macho.

Halafu wimbo wa kufungua, uleule kila wiki. Msibadilishe kila mara kwa kudhani watu wamechoka. Mtoto wa miaka miwili anaanza kuuimba wiki ya nne.

Baada ya wimbo, michezo ya sauti kwa dakika kumi. Kiswahili kinatupa faida kubwa hapa, maana silabi zake zinasikika wazi na zinapigika makofi. Ba-ba, makofi mawili. Ki-ko-mbe, matatu. Jihadhari tu na m: m-to-to ni makofi matatu, m-bwa ni mawili, m-bu ni mawili, lakini mbu-zi nayo ni mawili na m yake haipigiwi kofi peke yake. Jaribu orodha yako nyumbani kwanza. Kisha chezeni kutafuta maneno yanayoanza na silabi moja: kalamu, kanzu, kaka, karanga. Mchezo wa nyama-nyama nao usiuache. Kiongozi anataja mnyama mmoja mmoja, kundi linaruka na kuitikia "nyama!" akiwa analiwa, na linatulia akiwa haliwi. Mtoto anajifunza kusikiliza kwa makini na kuongeza majina ya wanyama, na kila mtu mzima aliyepo tayari anaujua. Kwa wakubwa kidogo tega kitendawili kimoja. "Nyumba yangu haina mlango" kinafaa, na jibu lake, yai, liwe mkononi mwako.

Sipendekezi kuimbisha a-e-i-o-u kwa fimbo ubaoni. Wazazi watakuomba, kwa kuwa ndivyo walivyofundishwa, na wengine watapima ubora wako kwa hilo. Waeleze kwa upole kwamba mtoto anayeweza kusikia silabi za neno kwa sikio ataunganisha ba na ba haraka atakapofika darasani, na asiyezisikia atakariri chati nzima bila kuisoma.

Kinachofuata ni kitabu, kimoja tu, na hapa ndipo pa kukaa muda mrefu.

Jinsi ya kusoma kitabu na mtoto, na kumwonyesha mzazi

Tuseme ukurasa una picha ya kuku mweusi jikoni, sufuria imepinduka. Maneno yake ni "Kuku aliingia jikoni." Watu wazima wengi huyasoma na kufunua ukurasa. Wewe usifunue. Mtoto ananyoosha kidole:

"Kuku."
"Ndiyo, kuku. Kuku mweusi. Anafanya nini?"
"Anakula."
"Anakula wali uliomwagika. Nani kaumwaga?"

Nyamaza hapo. Hesabu kimoyomoyo hadi tano. Kimya hicho ndicho kigumu kuliko vyote kumfundisha mzazi, kwa sababu mkono unataka kufunua na mdomo unataka kujibu. Mtoto atasema "paka", au "yeye mwenyewe", au atataja jina la mdogo wake. Lolote asemalo ni jibu. Lirudie kwa sentensi iliyo ndefu kidogo kuliko yake: "Kumbe paka aliipindua sufuria, kuku akaja kula." Sasa funua.

Basi ni mambo manne: rudia alichosema, ongeza neno moja au mawili, uliza swali lisilojibiwa kwa ndiyo au hapana, subiri. Grover Whitehurst na wenzake huko Marekani walichapisha mwaka 1988 utafiti wa namna hii ya kusoma kwa mazungumzo, nao walikuta watoto ambao wazazi wao walifundishwa kuitumia wamepata lugha zaidi kuliko wenzao waliosomewa kwa kawaida. Kwetu, mtu aliyekulia kwenye "Paukwa!" "Pakawa!" hatashangaa. Msimuliaji wetu hajawahi kusema peke yake.

Ukimaliza kuonyesha, gawa vitabu na kila mzazi asome na wa kwake dakika kumi. Wewe zunguka, piga magoti karibu nao, usichukue kitabu mkononi mwa mzazi. Ukiona amesubiri, mwambie palepale: "Umeona ulivyomsubiri akasema mwenyewe?" Sifa ya jambo moja mahususi inakaa. "Hongera mama" ya jumla haimwambii afanye nini kesho.

Maliza na kuchora na kucheza, chaki sakafuni au penseli za rangi kwenye mgongo wa karatasi zilizotumika ofisini. Kisha kuazima.

Mlezi asiyejua kusoma

Atakuwepo, na hatakuambia. Atasema amesahau miwani, au atamsukumia kitabu mtoto mkubwa. Usimwite pembeni kumuuliza. Badala yake, kila wiki sema mbele ya wote kwamba kitabu cha picha kinasomeka kwa picha, na wewe mwenyewe uoneshe kwa kufunika maneno kwa kiganja na kusimulia unachokiona. Ikiwa kila mtu anafanya hivyo, hakuna anayeaibika.

Kina bibi ndio hazina ya kipindi. Mwombe mmoja asimulie hadithi fupi anayoijua, iandike vilevile anavyoitamka, bila kumsahihisha lafudhi. Igawe kurasa nane, watoto wachore picha, shona, na kwenye jalada andika jina lake kama msimuliaji, akikubali. Kitabu hicho kiingie kwenye orodha ya maktaba na kupewa namba kama vingine. Nimemwona bibi akipitisha kidole juu ya jina lake kwenye jalada, kisha akamwita mjukuu wake aje alione. Akitaka kujifunza kusoma mwenyewe baada ya hapo, uwe na jibu tayari: darasa la watu wazima lililo karibu, siku zake na saa zake.

Lugha ya nyumbani nayo ina swali lake. Mama atakuuliza kama aache kuzungumza Kisukuma, Kihaya au Kigogo na mtoto ili ajue Kiswahili. Mjibu bila kusita: azungumze lugha anayoimudu vizuri, asimulie kwa lugha hiyo, aulize maswali kwa lugha hiyo. Maneno mengi na masimulizi marefu katika lugha yoyote yanamjenga mtoto, kuliko Kiswahili cha amri tatu, "njoo", "kaa", "acha".

Nyumbani kusipokuwa na kitabu

Maandishi yapo, hatuyatazami tu. Unga wa sembe una jina kwenye mfuko. Kadi ya kliniki ina jina la mtoto. Ukutani kuna kalenda. Na nyumba nyingi zina kanga. Leta moja kwenye kipindi, itandaze, pitisha kidole chini ya maneno kutoka kushoto kwenda kulia: WEMA HAUOZI. Muulize mtoto herufi gani anaiona mara mbili, muulize mzazi maana yake. Waambie kila mmoja aje na ya kwake wiki ijayo. Kwa kuwa kanga nyingine zina mafumbo ya watu wazima, pitia kwanza, na hata hayo usiyamkemee mtu. Weka tu kando, chukua ya jirani. Herufi za kanga ni kubwa mno na zinaonekana kila siku, na mtoto aliyebebwa nayo ameziona tangu kuzaliwa.

Jambo moja tu kwa wiki la kufanya nyumbani. Moja. Leo kanga, wiki ijayo makofi ya silabi wakati wa kuogesha, ijayo kusubiri hadi tano. Wenye simu janja watumie ujumbe wa sauti kwenye kundi, wenye simu za kitochi uwaandikie meseji fupi siku ya tatu baada ya kipindi.

Kuazima, na vitabu vinavyoharibika

Weka daftari: tarehe, jina la mlezi, jina la kitabu, kimerudi au bado. Tumia mfuko wa kitambaa wenye namba, kitabu kirudi kikiwa ndani. Ongea na uongozi kabla ya kuanza ili watoto hawa wasitozwe faini, na kama kuna ada ya uanachama, omba mfadhili wa eneo, duka la vifaa au chama cha kuweka na kukopa, aibebe kwa mwaka wa kwanza. Mama akiogopa kulipia ukurasa uliochanwa, atakiweka kitabu juu ya kabati hadi siku ya kukirudisha, na mtoto hatakigusa. Vitabu vitachanika. Tenga fungu la kuvibadilisha kama unavyotenga la chaki, na weka gundi na mkanda wa kubandika mezani, wazazi na watoto wavitengeneze pamoja.

Usalama

Hakuna mtoto anayeachwa peke yake, na hakuna mtu mzima wa kujitolea anayebaki peke yake na mtoto asiye wake. Sema hivyo siku ya kwanza. Wanaojitolea wajulikane na mtendaji wa mtaa na wasaini kanuni za kumlinda mtoto. Sheria ya Mtoto ya 2009 iko upande wenu. Picha zipigwe kwa ridhaa ya mzazi iliyoandikwa tu, na asiyekubali asihojiwe. Daftari la majina na namba za simu lifungiwe kabatini: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inaihusu maktaba kama inavyoihusu benki. Kwa wasaidizi, ulizeni Chuo cha Ukutubi na Uhifadhi wa Nyaraka cha Bagamoyo kama kuna wanafunzi wanaotafuta mafunzo kwa vitendo.

Kujua kama inafanya kazi

Ripoti nyingi huishia kuhesabu vichwa. Hesabu, ila tazama zaidi familia ngapi zimerudi wiki ya tatu, maana ya kwanza watu huja kuona. Hesabu vitabu vilivyoazimwa kwa kila familia. Na mwanzoni, kisha baada ya wiki kumi na mbili, muulize kila mlezi maswali matatu kwa mazungumzo, siyo kwa fomu: wiki iliyopita mlisoma au kusimulia siku ngapi? Nani mwingine nyumbani humsomea? Mtoto alikuuliza nini? Jibu la tatu liandike neno kwa neno. Mkurugenzi anayekata bajeti atalisoma hilo kabla ya jedwali.

Januari watoto wa darasa la kwanza wataondoka. Kipindi chao cha mwisho kifanyike mapema Desemba, kabla familia hazijasafiri kwenda kijijini kwa sikukuu: mtoto aandike jina lake mwenyewe kwenye kadi ya uanachama, hata kama herufi moja imegeuka, na mzazi aambiwe kadi hiyo inatumika mchana baada ya shule. Nafasi zilizobaki zijaze kutoka kliniki, kwa watoto waliofika kwenye chanjo ya miezi 9.